Keke, Tundu na Kamba: Zana za Kutobolea kwa Mkono katika Historia ya Ufundi wa Pwani ya Afrika Mashariki na Nafasi Yake katika Makusanyo ya Urithi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza keke, yaani zana ya kutobolea mbao inayozungushwa kwa uta, kama chanzo cha historia ya ufundi katika pwani ya Afrika Mashariki. Hoja yake kuu ni kwamba mjadala kuhusu uundaji wa vyombo vya bahari umejikita katika kamba na msumari, ukaliacha nyuma tundu ambalo vyote viwili hulitegemea. Makala yanaeleza viungo vya keke na utendaji wake, yanapitia ushahidi wa utoboaji kabla ya keke, yanafuatilia nafasi ya tundu katika mtepe, jahazi na mitumbwi ya Ziwa Viktoria, kisha yanaonyesha jinsi zana hii inavyoweza kupoteza maana inapotenganishwa na jina, fundi na kazi yake. Mwisho, yanapendekeza hatua za kuboresha uorodheshaji wa zana za mkono katika makumbusho ya kanda.

1.0 Utangulizi

Makumbusho ya pwani ya Afrika Mashariki yanajulikana zaidi kwa vitu vyenye fahari: milango ya nakshi, siwa za pembe na shaba, viti vya enzi, vyombo vya kauri kutoka Uchina na Uajemi. Zana zilizotumika kutengenezea vitu vya mbao hazipewi nafasi kama hiyo. Tezo, patasi, randa, msumeno na keke huwekwa pamoja chini ya anwani moja ya jumla, “zana za seremala”, pasipo kuelezwa kila moja ilitenda nini, katika mikono ya nani, na kwa sababu gani ilichukua umbo lake.

Mpangilio huo una athari kwa utafiti. Kitu cha fahari humweleza mtafiti kuhusu mwenyewe aliyekimiliki. Zana humweleza kuhusu aliyekitengeneza. Mafundi wengi wa pwani hawakuacha maandishi, na majina yao hayamo katika tarehe za miji. Kwa hiyo zana zao, pamoja na alama walizoziacha juu ya mbao, ni sehemu kubwa ya ushahidi uliopo kuwahusu. Makala haya yameteua zana moja, keke, kwa sababu mbili. Kwanza, ilihitajika katika takriban kila kazi ya mbao iliyotaka kuunganishwa. Pili, ni zana ya viungo vingi, na kwa hiyo ndiyo iliyo rahisi zaidi kuharibika kimaana inapohifadhiwa vibaya.

2.0 Keke na Viungo Vyake

Keke kamili ina sehemu nne. Ya kwanza ni chuma chenye makali, ambacho katika baadhi ya kamusi za zamani kimeitwa kekee. Ya pili ni msukano, kipande cha mti cha mviringo ambamo chuma hicho hupachikwa. Ya tatu ni jivu, kishikio cha juu ambacho ndani yake kichwa cha msukano huzunguka. Ya nne ni uta pamoja na upote wake, ambao huzungushwa mara moja kuuzunguka msukano. Fundi hukandamiza jivu kwa mkono mmoja na kuuvuta na kuusukuma uta kwa mkono wa pili. Msukano nao huzunguka kulia na kushoto kwa kupokezana.

Majina haya yameandikwa mapema. Edward Steere, mmisionari aliyejifunza Kiswahili Unguja, aliyataja katika mwongozo wake wa lugha uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870 na kuchapishwa tena mara nyingi. Kamusi zilizofuata, ikiwamo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ziliendelea kuitambua keke. Kwamba mgeni aliyekuwa akikusanya maneno ya matumizi ya kila siku aliona haja ya kutaja kila kiungo cha zana hii ni dalili kwamba keke ilikuwa kitu cha kawaida karakanani na barazani, si kitu cha nadra.

Umbo la chuma cha keke linatokana na mwendo wake. Kekee ya mkono wenye mpini wa kuzungusha, iliyoletwa baadaye kutoka Ulaya, huzunguka upande mmoja tu, na makali yake huchongwa kwa upande huo. Keke ya uta hurudi nyuma kila fundi anapoubadilisha mwelekeo wa uta. Kwa sababu hiyo chuma chake huwa bapa, chenye makali pande zote mbili, ili kikwangue mbao kinapokwenda na kinaporudi. Mhunzi yeyote aliyeweza kufua kisu aliweza kukifua. Viungo vingine vilipatikana kwa mti, kamba au ngozi. Fundi alihitaji kununua chuma peke yake. Vingine alijitengenezea, na vilipochakaa alivibadilisha.

Jambo la mwisho ni muhimu kwa mwanamakumbusho. Keke iliyotumika kwa miaka mingi si kitu cha umri mmoja. Upote huchakaa kwanza, kisha jivu huchimbika, kisha chuma hupungua kwa kunolewa, na msukano huachwa na mfuo mahali upote ulipopita. Kila kiungo hubeba sehemu yake ya historia, na ni alama hizo za kuchakaa, zaidi ya umbo la jumla, zinazoonyesha namna zana ilivyotumika.

Keke ya uta si mali ya pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Michoro ya kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, ya karne ya 15 kabla ya Kristo, inaonyesha mafundi wakitoboa kwa uta. Waunda vyombo wa Oman, Ghuba na pwani ya magharibi ya India nao waliitumia zana ya namna hii. Pwani ya Waswahili ilikuwa sehemu ya ulimwengu huo wa ufundi. Hata hivyo, kuenea kwa zana hakutoshi kuthibitisha kwamba ilitoka mahali fulani na kupelekwa pengine. Kinachoweza kusemwa kwa yakini ni kwamba mafundi wa bandari hizi walielewana kwa zana hata pale walipotofautiana kwa lugha.

3.0 Utoboaji Kabla ya Keke

Kutoboa kwa mkono kuna historia ndefu kuliko useremala wa pwani. Katika pango la Enkapune ya Muto, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kumepatikana shanga za ganda la yai la mbuni zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 40,000. Ganda hilo ni jembamba na huvunjika upesi. Kulitoboa bila kulipasua kulihitaji ncha kali, mzunguko wa taratibu na subira.

Katika miji ya pwani, ushahidi wa utoboaji unaonekana katika vitu vidogo ambavyo mara nyingi hupitwa na jicho. Uchimbaji wa Neville Chittick huko Kilwa, na ule wa Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate, ulifukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati ili vitumike katika kusokota pamba, pamoja na ushahidi wa utengenezaji wa shanga. Kigae kilichotobolewa kutoka pande zote mbili hadi matundu yakutane huacha umbo lililobanwa katikati kama kiuno. Kilichotobolewa kutoka upande mmoja huacha umbo la faneli. Kwa hiyo tundu lenyewe ni kumbukumbu ya mwendo wa mkono, hata pale ambapo zana iliyolitoboa imeshaoza.

Lugha nayo imehifadhi sehemu ya historia hii. Kitenzi pekecha hutaja kuzungusha kijiti baina ya viganja ili kupata moto, na vijiti vilivyotumika vina majina yake, ulindi na ulimbombo. Kitenzi hichohicho hutumika kwa kutoboa, na kwa njia ya sitiari, kwa kuchochea fitina. Mwendo wa kupekecha kwa viganja na ule wa kuvuta uta ni mwendo mmoja wa kwenda na kurudi. Tofauti ni kwamba uta huongeza kasi na huuacha mkono wa pili huru kukandamiza. Neno msukano nalo lina uhusiano na kitenzi suka katika maana ya kutikisa na kupeleka huku na huku.

4.0 Mtepe, Jahazi na Tundu Lililosahauliwa

Historia ya vyombo vya pwani kwa kawaida huelezwa kama safari kutoka kamba hadi msumari. Maelezo hayo yana msingi. Kitabu cha safari za Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo, kinaitaja bandari ya Rhapta na kulihusisha jina lake na mashua zilizoshonwa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza desturi ya kushona vyombo kwa kamba za makumbi katika Bahari ya Hindi. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Msumbiji mwaka 1498, shajara yake iliandika kuhusu vyombo visivyo na misumari ambavyo mbao zake zilifungwa kwa kamba. Mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa vya Lamu, uliendelea kusafiri hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na ulielezwa kwa kina na James Hornell mwaka 1941 na baadaye na A. H. J. Prins.

Masimulizi hayo, hata hivyo, huwafanya wasomaji waone mpasuko mkubwa kati ya ufundi wa kushona na ufundi wa kupigilia. Ukitazamwa kwa upande wa utoboaji, mpasuko huo hupungua. Mtepe ulikuwa kazi ya matundu. Kila ubao ulihitaji safu ya matundu kando ya ukingo wake, na kila tundu lililingane na la ubao wa jirani. Mbao ziliunganishwa pia kwa vijiti vilivyopigwa kwa mshazari kutoka ubao mmoja hadi mwingine, na kila kijiti kilihitaji tundu lake. Baada ya kushona, matundu ya kamba yalizibwa ili maji yasipenye. Tundu lililokuwa karibu mno na ukingo lingeweza kuupasua ubao. Lililokuwa mbali mno lingeilegeza kamba. Kosa la mtoboaji halikuweza kurekebishwa na mshonaji.

Jahazi la misumari halikuiondoa kazi hiyo. Msumari mrefu wa chuma hauwezi kupigiliwa moja kwa moja katika mti mgumu kama mvule au msaji bila kuupasua ubao au kuupinda msumari wenyewe. Fundi hutangulia kutoboa tundu jembamba kuliko msumari, kisha huuzungushia msumari nyuzi zilizotiwa mafuta, ndipo huupigilia. Ubao wa jahazi hufungwa kwenye mataruma kwa misumari mingi, na kila msumari umetanguliwa na tundu. Kamba ilipoondoka na msumari ukaingia, keke ilibaki palepale.

Hitimisho linalofuata ni la kihistoria, si la kiufundi tu. Badiliko kutoka mtepe hadi jahazi lilibadilisha malighafi na biashara yake: makumbi yalipungua umuhimu, chuma kikaongezeka. Lakini halikulazimu mafundi wa zamani waondoke ili wapya waingie. Aliyejua kupima umbali wa tundu kutoka ukingoni, kusikiliza mti unapoanza kupasuka, na kutoboa kwa mshazari bila kukosea, alikuwa na ujuzi uliofaa kwa vyombo vyote viwili. Ni sahihi zaidi, basi, kulieleza badiliko hilo kama ujuzi uleule uliopewa kazi mpya.

Hoja hii inaweza kupimwa. Mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 na kuchimbwa kati ya miaka 1977 na 1980, ni ya chombo kilichoundwa Bassein, India, na vitu vilivyotoka humo vinaonyeshwa katika Makumbusho ya Ngome ya Yesu. Vielelezo vidogo vya mitepe vimo katika makusanyo kadhaa, na mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Zanzibar na kuonyeshwa katika Beit al-Ajaib. Kipenyo, mwelekeo na nafasi ya matundu ni vipimo vinavyoweza kuchukuliwa kwa rula na kipimapembe, vikalinganishwa na vyuma vya keke vilivyohifadhiwa.

5.0 Tundu na Kamba Katika Maziwa Makuu

Suala hili si la pwani pekee. Katika Ziwa Viktoria, Waganda na wakazi wa visiwa vya Ssese waliunda mitumbwi mikubwa ya mbao zilizotobolewa na kushonwa kwa nyuzi za mimea, ikiwa na uti mmoja mrefu chini. Henry Morton Stanley aliiona mitumbwi hiyo mwaka 1875 ikitumika katika vita vya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Chombo cha ziwani na mtepe wa baharini vilikutana katika kanuni moja, kwamba ubao uliotobolewa kwa mpangilio na kufungwa kwa uzi hustahimili mawimbi kwa kukubali kunyumbuka kidogo.

Kufanana huko hakumaanishi kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Kunaonyesha kwamba swali la utoboaji linafaa kuulizwa kwa kanda nzima. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940, na makumbusho ya Lamu, Mombasa na Zanzibar yanahifadhi vipande vya historia moja ya ufundi. Iwapo kila taasisi inaorodhesha zana zake kwa utaratibu na lugha yake, ulinganisho hauwezekani hata pale vitu vyenyewe vipo.

6.0 Keke Ndani ya Makusanyo

Hatari inayoikabili keke makumbushoni ni ya aina tatu. Ya kwanza ni kutawanyika kwa viungo. Uta wa keke ukitengwa na msukano hufanana na uta mdogo wa mtoto au wa ala ya muziki. Msukano usio na chuma hufanana na kijiti cha kusokotea. Jivu likiwa peke yake ni kipande cha mti chenye shimo. Chuma nacho huweza kuwekwa pamoja na misumari. Viungo vinne vikipewa namba nne zisizohusiana, zana hutoweka ingawa hakuna kilichoibwa wala kilichooza.

Ya pili ni kupotea kwa majina. Ikiwa daftari la makumbusho limeandikwa kwa Kiingereza pekee, neno moja la jumla hubeba keke ya uta, ya mpini na ya umeme, na viungo vyake huachwa bila jina. Tatizo hujitokeza pia katika mwelekeo wa pili. Msomaji wa leo anayekutana na neno jivu katika daftari la zamani atafikiria kilichobaki baada ya moto, wala si kishikio cha keke. Msamiati wa namna hii hauwezi kukisiwa. Hupokewa kutoka kwa anayeujua au huachwa upotee.

Ya tatu ni kutegemea jengo moja. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo lilielezwa zaidi kama hasara ya usanifu majengo, na ndivyo lilivyokuwa. Kwa makusanyo lina funzo la ziada: kitu ambacho maelezo yake yamo katika jengo lilelile kinamohifadhiwa kina uhai mmoja tu.

Inaweza kudaiwa kwamba keke haistahili gharama, kwa kuwa keke ya umeme imeshachukua nafasi yake. Dai hilo lina nguvu kiuchumi: hakuna sababu ya kumtaka fundi wa Matondoni, Nungwi au Chole aache zana inayomrahisishia kazi. Lakini hifadhi haimtaki fundi arudi nyuma. Inamtaka aulizwe kabla ujuzi wake haujazikwa. Ubao wa jahazi kongwe unapokarabatiwa, kuelewa kwa nini matundu yake yamepangwa jinsi yalivyopangwa ni sehemu ya ukarabati wenyewe, na maarifa hayo hayamo ndani ya mashine.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Msingi wa kisera upo tayari. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu Urithi wa Utamaduni Usioshikika unautaja ufundi wa jadi miongoni mwa nyanja zake, na uliridhiwa na Kenya mwaka 2007, Uganda mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2011. Kinachohitajika ni kuunganisha sera inayohusu ujuzi na daftari linalohusu vitu. Kwa muktadha huo, makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, zana yenye viungo vingi iorodheshwe chini ya namba moja, na kila kiungo kipewe namba ndogo inayokirejesha kwenye zana yake. Pili, jina la Kiswahili la zana na la kila kiungo liandikwe kama jina kuu, pamoja na tofauti za lahaja na za lugha nyingine za kanda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuratibu orodha ya pamoja ya istilahi za ufundi, itakayoanza na yale mafundi wanayoyasema kabla ya kubuni mapya.

Tatu, alama za kuchakaa zipimwe na kupigwa picha, na zana zisinolewe wala kupakwa mafuta kwa nia ya kuzipendezesha, kwa kuwa kufanya hivyo hufuta ushahidi. Nne, mafundi wazee wa vyombo na samani warekodiwe wakitumia keke, kwa ridhaa yao na kwa malipo ya haki, na nakala za zana ziundwe nao ili wageni na wanafunzi wazishike, huku zile za asili zikibaki salama. Tano, nakala ya rekodi zote ihifadhiwe nje ya jengo lenye makusanyo, na ibadilishanwe baina ya nchi.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalohitaji jengo jipya. Mengi yanahitaji muda wa mtunza makusanyo, kamera, na safari ya kwenda kumwona fundi. Gharama ya kuyaahirisha ni kubwa zaidi, kwa kuwa mbao na chuma vinaweza kungoja mtafiti wa kesho, ilhali anayejua jina la kila kiungo hawezi kungoja. Historia ya vyombo vya pwani imeandikwa kwa muda mrefu kwa kufuata kilichopita ndani ya tundu, kiwe kamba au msumari. Kulichunguza tundu lenyewe, na mkono ulioizungusha keke, kutaipa historia hiyo watu wake.